Namna ya Kumwiba Juan de Pareja Ukiwa Kisoko

Ukiwa Kisoko, huko Tororo, na umeamua kujifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta, usianze na uso wako. Unaupenda mno, utausamehe kila kosa. Mwibe mtu mwingine. Mimi nakupendekezea Juan de Pareja, aliyechorwa na Diego Velázquez mjini Roma mwaka 1650. Alikuwa mtumwa wa mchoraji huyo; mwaka huohuo akaandikiwa hati ya uhuru, na baadaye akachora picha zake mwenyewe. Makumbusho ya Metropolitan ya New York, yanayomhifadhi tangu 1971, yanamruhusu yeyote kupakua picha hiyo bure. Wizi huu hauna polisi.

Nunua kitambaa cha marekani mjini Tororo au Busia, uivute juu ya fremu ya mbao iliyokauka. Ipake gundi, kisha rangi nyeupe ya maji, maana mafuta ya kitani yakigusa pamba tupu huiozesha polepole.

Gawa picha kwa miraba, na kitambaa kwa miraba ileile. Halafu vigeuze vyote juu chini. Jirani akiuliza mbona mtu wako kasimama kwa kichwa, mwache aulize. Uso uliopinduliwa hukunyima ile pua unayoijua tangu utotoni, ukabaki na vivuli vilivyopo.

Sasa ficha rangi nyeusi. Wengi huimimina kwenye ngozi zetu, na uso hutoka umekufa. Changanya kahawia ya udongo uliochomwa na buluu, upate giza lenye uhai. Ongeza wekundu shavuni na sikioni. Ukiwa na shaka, nenda barabarani adhuhuri umtazame mwendesha boda anayetoka jasho: mng'ao wa paji lake una buluu ya mbingu. Hapo usiharakishe hata kidogo.

Tabaka la kwanza liwe jembamba, lenye tapentaini. Yanayofuata yaongezewe mafuta, la sivyo picha itapasuka. Rangi hii hukauka kwa kuvuta oksijeni, na haina haraka na mtu. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike: hupata joto yenyewe na kuwaka.

Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere na kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alihubiri kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Namheshimu, na kwa anayeishi kwa kunakili maisha yake yote, naona alisema kweli. Lakini fundi cherehani naye hufumua shati la mwenzake ili aone lilivyoshonwa.

Kwa hiyo nyuma ya kitambaa andika wazi: nakala ya Velázquez. Kisha mketishe shangazi yako karibu na mlango umchore yeye sasa, mwanga umwangukie upande mmoja, umpe chai, na usimwonyeshe kitu mpaka umalize sikio.