Mwongozo wa Mbishi: Namna ya Kulinganisha Masenta wa Vyuo Bila Kutoka Ukunda

Msimu wa mpira wa vikapu wa wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani hufunguliwa Novemba. Mpaka siku ya kwanza ifike unaweza kusema chochote unachotaka na hakuna matokeo ya kukusuta. Itumie nafasi hiyo. Mechi zikishaanza mambo huharibika, watu huanza kuleta ushahidi barazani, na aliyekuwa bingwa wa mwezi wa Oktoba hujikuta analipia kahawa ya kila mtu.

Kwanza kabisa uwe na senta wako. Senta, kwa asiyejua, ni yule mrefu anayekaa chini ya kikapu, akisukumwa na wapinzani na kulaumiwa na wenzake. Mkazi wa Kwale hana haja ya kuazima wa mtu. Madina Okot, futi sita na inchi sita, alipita shule ya Kaya Tiwi kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Zetech, akavuka bahari hadi Mississippi State, na mwaka 2025 akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley. Ni wetu, basi. Atatokea mtu, mara nyingi ni mwalimu aliyeletwa huku kutoka bara, akukumbushe kwamba binti huyu ni wa Mumias. Mwache amalize, kisha muulize Mumias iko jirani na wapi. Atasema Butere. Hapo umemnasa, kwa sababu shule ya Butere Girls ni wapinzani wa Kaya Tiwi wa siku nyingi, na binti wa jirani zao aliwapita mlangoni akaja kucheza Tiwi. Sheria ya baraza ni kwamba mchezaji ni wa pale alipokunywa maji. Siku akicheza vibaya, ni wa pale alipozaliwa.

Jihadhari na swali moja tu: "Wewe ulimwona alipokuwa Tiwi?" Kutoka Ukunda hadi Tiwi ni mwendo mfupi wa matatu. Kaya Tiwi imekwisha kutwaa ubingwa wa kitaifa wa wasichana zaidi ya mara moja, na miaka yote hiyo baraza letu lilikuwa na shughuli kubwa zaidi, nayo ni kumtafutia Arsenal mshambuliaji. Ukiulizwa, jibu kwa utulivu: "Mimi nilijua tangu zamani." Usiseme ulijua nini.

Senta wako hana maana bila wa kushindana naye, kwa hiyo jifunze majina matatu ya msimu wa 2025–26. Lauren Betts wa UCLA, futi sita na inchi saba, ndiye waliyemtaja wengi walipoulizwa senta bora wa vyuo ni nani. Audi Crooks wa Iowa State, futi sita na inchi tatu, ana mwili wa nguvu na mikono laini. Raegan Beers wa Oklahoma, futi sita na inchi nne, alikuwa ligi moja na Okot, kwa hiyo huyo ndiye mgomvi wetu wa karibu. Majina yatamke upesi upesi. Ukisitasita kwenye "Raegan" watajua ulilisoma asubuhi.

Sasa tuje kwenye takwimu, na hapa ndipo vijana wengi huangushwa kwa kudhani takwimu ni za kusema ukweli. Msimu wa 2024–25 Crooks alifunga wastani wa pointi 23.4 kwa mechi, Betts 20.2, Beers 17.3 na Okot 11.3. Ukiwa upande wetu, mstari huo usiusome kwa sauti. Ruka moja kwa moja hadi kwenye ribaundi, yaani ile mipira inayokosa kikapu na kudakwa ikirudi: Okot 9.6, Betts 9.5, Beers 9.4, Crooks 7.5. Tumeongoza! Tumeongoza kwa sehemu moja ya kumi ya mpira, na ingawa hakuna mtu aliyewahi kuiona sehemu ya kumi ya mpira, inatosha kumtetea mtu kuanzia Magharibi hadi Isha.

Ukitaka kuonekana mtu wa haki, unaweza kuongeza jambo ambalo ni kweli, lakini usizidishe. Senta hajiletei mpira mwenyewe. Crooks alifunga nyingi kwa sababu Iowa State walicheza kwa kumtafuta yeye. Mpira unaingia ndani, anapokea, anageuka, amemaliza. Machi 2024, katika mechi yake ya kwanza kabisa ya mashindano ya kitaifa, alifunga pointi 40 dhidi ya Maryland, akitupa mara 20 na kupatia 18. Okot kule Mississippi State alikuwa na kazi nyingine: kudaka, kuziba njia, kupokea pasi ya mwisho karibu na ringi. Ndiyo maana alipatia zaidi ya asilimia 60 ya mitupo yake na bado pointi zake zikabaki 11. Kuwalinganisha hawa wawili kwa pointi peke yake ni kumlinganisha mvuvi na mchuuzi wa samaki kwa kuangalia nani ana hela mfukoni jioni. South Carolina wenyewe waliingia msimu wa 2025–26 wakiwa wamemleta Ta'Niya Latson, aliyeongoza nchi nzima kwa kufunga msimu wa 2024–25 akiwa Florida State, huku Chloe Kitts, aliyekuwa tegemeo la chini ya kikapu, akiwa ameumia goti na msimu umempita. Kwa hiyo ilitarajiwa Okot akae uwanjani dakika nyingi, na bado huenda pointi zake zisingepaa. Haya yaseme mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha rudi kwenye sehemu yako ya kumi.

Kimo ndicho kitakachochukua saa nyingi, maana kimo kila mtu anakielewa. Mazungumzo huenda hivi:

"Babu, huyu wa UCLA amemzidi wetu inchi moja."

"Inchi moja, mwanangu, ni kofia."

Hapo usimjibu mzee, ila uwe na kisa cha Hasheem Thabeet tayari. Mtoto wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, alikuwa senta wa UConn ya wanaume, timu iliyokuwa namba moja nchini Marekani siku ya Februari 16, 2009, walipokutana na Pittsburgh. Upande wa pili alisimama DeJuan Blair, futi sita na inchi saba. Mapema tu katika mechi wakagombea mpira mmoja, mikono ikanasana, na Blair akamtupa Thabeet juu ya bega lake hadi sakafuni. Mwisho wa mechi Blair alikuwa na pointi 22 na ribaundi 23, Thabeet pointi tano na ribaundi nne, Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Kisa hiki kinammaliza mtu yeyote anayedai mrefu ndiye bora.

Lakini kina nusu ya pili, nawe uamue kuitoa kulingana na uliyekaa naye. Mwisho wa msimu ule tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao waligawana, Thabeet na Blair. Miezi michache baadaye timu za NBA zilipochagua, Thabeet alichukuliwa wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Blair, yule aliyembeba begani, alisubiri hadi nafasi ya 37, kwa sababu madaktari walikuta magoti yake yote mawili hayana ile kano ya katikati. Naam, kwenye magoti mawili hakuna hata moja ya kano hizo, na bado alifanya aliyoyafanya. Ukishaitoa nusu hii, baraza zima hunyamaza, na baada ya kimya mtu mmoja husema, "Lakini Thabeet alionewa." Mwache aseme. Hata mimi naona hakupewa muda, ila hilo ni baraza jingine.

Kuhusu Betts, usijaribu kumdharau, utaumbuka. Novemba 2024 South Carolina walifika Los Angeles wakiwa hawajafungwa katika mechi 43 mfululizo, UCLA wakawakatia mnyororo huo kwa 77 kwa 62, na chini ya kikapu alikuwa Betts na ribaundi zake 14. Pengine ndiyo sababu Staley akaenda kutafuta mtu wa futi sita na nusu; hilo ni wazo langu, lakini ukiliiga litafanana na lako. Njia ya heshima ya kumpunguza Betts ni kumsifu kwanza, halafu ukataja nusu fainali ya Aprili 2025 mjini Tampa. Alifunga pointi 26, na UCLA wakapigwa 85 kwa 51 na UConn. Ukilitaja hilo, omba Mungu mwenzako asijue kwamba mwezi wa Machi mwaka uleule Mississippi State yetu ilikuwa imeshapigwa 96 kwa 59 na chuo kingine cha Los Angeles, USC.

Kuna watakaosema wachezaji wa siku hizi hawana uaminifu, wanahama vyuo kila mwaka. Kubali haraka tuendelee. Betts alitoka Stanford, Beers alitoka Oregon State, wetu ametoka Mississippi State. Hadi msimu wa 2025–26 ni Crooks peke yake aliyekuwa amebaki pale alipoanzia. Mtu akianza kukadiria ni dola ngapi kila mmoja analipwa, mkumbushe kwamba wageni wenye visa ya mwanafunzi wamewekewa vikwazo ambavyo wenzao Wamarekani hawana, kisha mwelekeze kwenye sahani ya viazi vya karai ili mdomo wake upate kazi nyingine.

Sasa suala la saa. Mechi ya saa moja jioni kule South Carolina, ukiingia wakati wao wa baridi, ni saa tisa usiku hapa kwetu. Ikiwa Los Angeles, saa moja yao ya jioni ni saa kumi na mbili ya alfajiri, jua linachomoza Diani na wapishi wa hotelini wako njiani kuingia kazini. Kwa maneno mengine, hakuna barazani aliyetazama mechi nzima. Wote mmeona dakika mbili za vipande kwenye simu, na vipande havionyeshi senta anachofanya muda mwingi. Vinaonyesha mpira ukiingia tu. Hili lisikuvunje moyo. Ndilo linalowaweka sawa wote, mwalimu, mwenye bodaboda na mzee aliyestaafu bandarini.

Silaha ya mwisho itunze kwa ajili ya mtu msumbufu kweli, yule anayesema bila senta mkubwa hakuna ubingwa. Muulize bingwa wa 2025 ni nani. Atasema UConn, waliowafunga South Carolina fainali 82 kwa 59. Muulize senta wao ni nani. Atataja Sarah Strong, ambaye ni fowadi. Mrekebishe taratibu: ni Jana El Alfy, Mmisri, futi sita na inchi tano, ambaye hakuwa mfungaji mkubwa na wala hakuhitajika kuwa. Kazi yake ilikuwa kusimama njiani wenzake wapite. Kwa hiyo tulipokuwa tukilia kwamba Afrika haina senta bingwa, Mwafrika alikuwa tayari amevaa nishani, na hakuna baraza la Kwale lililomdai. Kama angalau angepita Tiwi.

Tahadhari ya mwisho ni ya jioni, wanafunzi wanapofunguliwa. Atasimama kibandani binti mmoja, begi la viatu begani, anasubiri maandazi yake yafungwe. Atawasikia mkigombania inchi. Atasalimia vizuri, "Shikamoo babu, shikamooni," halafu, kwa kuwa hakulelewa kunyamazia upuuzi, ataweka begi chini.

"Babu, ribaundi si kimo."

"Ni nini basi, mwanangu?"

Atajipanga mbele ya nguzo ya kibanda, miguu ikiwa imepanuka, kiuno kimeshuka, mikono yote miwili juu na viwiko vimefunguka. "Mpira ukitupwa siutazami mpira. Namtafuta mtu wangu kwanza, namweka mgongoni hivi, nahisi anapoelekea. Akisukuma kulia naziba kulia. Yeye mrefu, lakini mimi niko ndani. Ukishagonga ringi ndiyo naruka." Atairudia mara mbili upande wa kushoto, maana huko, atasema, ndiko wengi huzembea. Nguzo itatikisika kidogo na mwenye kibanda atamwambia aiache.

Usishindane naye. Usitaje ile sehemu ya kumi wala Pittsburgh ya 2009, ambayo yeye alikuwa hajaanza shule. Mlipie maandazi. Akiuliza mtakuja lini kuwaona wakicheza, mjibu Jumamosi, na usitaje ipi.