Kasa wa Munyonyo

Wakubwa wa Kololo, Kampala, wameona picha za Watamu kwenye pwani ya Kenya, nao sasa wanataka kusimama juu ya ubao, kasia mkononi, wakitazama kasa papa hapa Munyonyo, ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Haya. Kasa huyo atoke Mediterania, apande Nile, avuke bwawa la Aswan, akwee maporomoko ya Murchison (mamba wakimtazama tu kwa heshima), abishe hodi kwenye mabwawa ya Jinja, ndipo aingie Ziwa Viktoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari aliyozaliwa. Yote hayo ili apigwe picha na mtu anayetetemeka magoti! Wenyeji wa ziwani ni gugumaji na kichocho. Kichocho hakina maringo: humfuata mgeni hadi nyumbani.