Usiguse Kabati!

Jirani, hebu nikuulize. Nani aliwaambia watu kwamba jiko linatakiwa liwe jeupe? Jiko! Mahali pa moshi, masizi, samaki wakavu na ukoko wa ugali. Ndiko huko huko wamepeleka rangi nyeupe. Sebuleni, ambako watu wanakaa tu na kuangalia taarifa ya habari, makochi ni ya kahawia, eti yasionyeshe uchafu. Jikoni sasa, makabati meupe pee. Mantiki hiyo mimi imenipita juu.

Na usidhani nasema mambo ya Dar. Nasema ya hapa hapa Naipingo. Kwangu.

Hela za korosho zilipotoka tu, mama watoto akajiunga bando la mwezi mzima. Akawa analala na picha za majiko. Jiko la Marekani, jiko la Dubai, jiko la dada mmoja wa Mbezi. Yote meupe. Na kwenye picha zote hizo hakuna sufuria hata moja. Mwiko hakuna. Kuna ndimu tatu kwenye bakuli la kioo. Nikauliza, hawa wanakula ndimu tu? Akaninunia mpaka kesho yake jioni.

Mimi nyeupe naijua kwenye mkorosho. Ukiamka ukakuta maua yameingia unga mweupe, hayo si mapambo. Hiyo ni ubwiriunga, kimbia katafute salfa kabla msimu haujakufia mkononi. Marehemu baba kanifundisha kuiogopa nyeupe tangu niko na kaptula. Leo nimelipa hela, tena ya korosho hizo hizo, niiingize ndani ya nyumba.

Fundi wa kwanza alikuwa mzee wa Nachingwea mjini, mtu wa mninga na vanishi. Aliposikia kabati za mninga zipakwe rangi nyeupe, akaweka futi chini. "Mninga? Uupake rangi? Si bora uninyonge mimi." Akabeba randa yake akaondoka, na hela ya nauli nikamlipa. Wa pili kijana, suruali inambana, kaja na MDF. MDF mimi siijui. Nilidhani ni chama cha siasa. Kumbe ni mbao imesagwa ikashindiliwa na gundi. Yaani nimezungukwa na miti kila upande, halafu nimenunua unga wa mbao kutoka mbali kwa bei ya mbao.

Tena unga wenyewe hautaki maji! Ukingo ambao haukufungwa vizuri ukipata maji unavimba, na ukishavimba haurudi. Kabati la chini ya sinki limeshavimba shavu kama mtu mwenye jino bovu. Na hilo sinki halijawahi kutoa maji hata siku moja. Bomba lipo, linang'aa, ni pambo. Maji yako kwenye ndoo ya bluu. Wageni wakija ndoo inafichwa, na mimi ndiye mfichaji.

Halafu milango haina vishikio. Ndiyo fasheni, unasukuma kidogo inafunguka yenyewe. Inamfungukia mama watoto. Mimi nasukuma, nasukuma, hakuna kitu. Juzi nimesimama mbele ya kabati natafuta chumvi, nagonga mlango mmoja baada ya mwingine, mwanangu wa darasa la pili akanipita akasema, "Baba, piga hodi."

Mpwa wangu anasomea mambo ya majengo. Alipokuja likizo nikamwita pembeni, chini ya mwembe, nikamuuliza kwa sauti ndogo: hii nyeupe ina nini? Akaniambia Wazungu zamani, hofu ya vijidudu ilipowaingia, walipenda majiko meupe kwa makusudi, ili uchafu uonekane haraka upanguswe. Unaona? Nimenunua shahidi wa mashtaka. Dole gumba tu, kabati linakutaja. Akaongeza kwamba mwaka 1926 kulikuwa na mama mmoja msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, aliyechora jiko dogo la nyumba za wafanyakazi kule Frankfurt, Ujerumani. Makabati yamejengewa ukutani, kila kitu karibu na mkono. Wanasema majiko ya kisasa yote yametokea hapo. Na makabati yake hayakuwa meupe! Yalikuwa ya bluu-bluu, kwa sababu iliaminika nzi hawapendi kutua kwenye bluu. Mama wa watu kafikiria nzi! Nikabeba hoja hiyo mbio mpaka ndani. Mama watoto akasema, "Huyo Mjerumani wako aje akupikie." Nikamsahihisha kwamba ni wa Austria. Usiku ule sikula.

Sikatai, kuna raha yake. Jiko letu lina kidirisha kimoja, zamani mchana kweupe ulikuwa unapapasa ukuta. Sasa mwanga ukiingia unagonga kabati unarudi, chumba kinaonekana kipana. Hata mende wanaonekana vizuri. Shida ni kwamba nyeupe inataka mtu asiye na moshi, asiye na vumbi, na asiye na watoto. Mimi ninavyo vyote.

Vumbi hebu tuliache. Hili vumbi jekundu la Nachingwea liliwashinda Waingereza. Walikuja mwaka 1947 na matrekta na mpango wao wa karanga, wakajenga na reli ya kwenda Mtwara, mwaka 1951 wakakunja jamvi. Baadaye hata reli ikang'olewa. Sasa lishindwe na kabati?

Moshi ndiyo kesi yenyewe. Gesi asilia inatoka Songo Songo, mkoa wetu huu huu wa Lindi, na tangu 2004 inaenda Dar kwa bomba. Mwaka 2015 ya Mnazi Bay, hapo Mtwara, nayo ikapata bomba lake la kwenda huko huko. Mimi nina mtungi mdogo, ukiisha narudi kwenye kuni. Serikali mwaka 2024 ilitoa mkakati kwamba ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wapikie nishati safi. Naunga mkono, mikono yote miwili. Lakini rangi yangu imeshapakwa sasa hivi, haiwezi kusubiri 2034. Basi amri ikatoka: jikoni hakupikwi. Ugali nje, kwenye mafiga yale yale. Mbaazi nje. Kisamvu nje. Jiko la ndani ni la kutazamwa, na kuchemshia chai ya wageni. Mvua ikinyesha nashika mwavuli juu ya sufuria, nyuma yangu jiko la mamilioni limefungwa kwa funguo.

Wakati wa kupuliza mikorosho ndiyo usiseme. Natoka shambani na salfa, nimegeuka wa njano toka kofia mpaka ndala. Sijafika hata kizingitini nasikia, "Usiguse kabati!" Msimu wa mabibo je? Utomvu wa bibo ukishika nguo, nguo hiyo imekuwa ya shamba. Watoto wanakula mabibo, mikono inachuruzika, wanakimbilia ndani maji ya kunywa. Tumekuta vidole vitano kwenye mlango wa kabati, vidogo, chini kabisa, usawa wa goti langu. Nimeshtakiwa mimi.

Na rangi ya mafuta ina tabia zake. Ikikaa gizani inaota manjano polepole. Kwa hiyo wiki iliyopita natumwa mjini kununua kopo la kurudishia. Nafika dukani, nasema kwa kujiamini, "Naomba nyeupe." Kijana wa kaunta ananiuliza, nyeupe ipi? Kuna ya maziwa, kuna ya pembe za ndovu, kuna ofu-waiti, kuna ya kung'aa, kuna isiyong'aa. Ananiletea karatasi ina viboksi vingi, vyote naona kimoja. Nampigia mama watoto, simu inaita haipokelewi. Napiga tena. Foleni nyuma yangu inarefuka, watu wameanza kukohoa. Jamaa mmoja mwenye pikipiki, kofia bado kichwani, akashindwa kuvumilia: "Mzee, nyeupe si nyeupe tu?"

Nikamgeukia. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, umeoa?"

Akasema bado.

Nikapiga simu tena.