Heri Feki

Sisi wa Kakamega bandia tunaijua. Tangu dhahabu iwavute Wazungu hapa miaka ya 1930, hakuna kinachong'aa tusichokitilia shaka. Kwa hiyo binamu yangu aliyeko Uingereza, mkusanyaji wa vitu vya vita, aliponipigia simu akilia kwamba ameuziwa guruneti feki, nilijikaza nisicheke.

Masikini, sumaku ilikataa kushika! Akanipa somo: guruneti halisi ya aina ya Mills ni ya chuma, na kizibo chake cha chini hugongwa chapa ya kiwanda. Ile ya mazoezi hutobolewa matundu ubavuni ili kuruta asiichanganye na yenye baruti. Yake ilikuwa plastiki iliyopakwa kutu kwa brashi. Kutu ya brashi, jamani!

Nikamwambia, ndugu yangu, huku mambo ni kinyume. Mtu wa skrepu akiwekewa kitu kama hicho kwenye mizani, anamwomba Mungu kiwe feki. Waulize wachungaji wa Archers Post na Dol Dol, ambako jeshi la Uingereza lilifanyia mazoezi na kusahau kufagia. Mabomu waliyoyaokota yalikuwa orijino kabisa, na hakuna aliyeyapima kwa sumaku. Mwaka 2002 London ilikubali kulipa fidia ya pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200, majeruhi na jamaa za waliokufa.

Nawe jembe lako likigonga bomu shambani, usiliguse. Rudi ulikotoka, uite polisi.