Sifa za Risiti

Wengine wamesifu dhahabu, wengine karafuu. Mimi naisifu risiti: kikaratasi cha upana wa vidole vitatu kinachotoka kwenye mashine ya kutolea risiti (EFD) pale kituo cha mafuta Kibiti, kikiwa na joto la mkate na umri usiozidi sana wa mkate.

Tazama uwezo wake. Mwenye guta la injini anayebeba unga, soda na sementi kutoka Kibiti hadi gati la Nyamisati, akitozwa kodi kwa faida yake, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamruhusu atoe gharama zote alizoingia kwa ajili ya kupata pato la kazi hiyo tu. Petroli, oili, tairi, breki. Ila petroli ikishaungua haina shahidi mwingine zaidi ya risiti. Guta lingurume mpaka Nyamisati, Mamlaka ya Mapato haisikii. Risiti ikinong'ona Kibiti, inasikia.

Naisifu pia kwa kujua mipaka yake: haivuki maji. Nyamisati mzigo unashushwa, unapakiwa mtumbwini kwenda Maparoni au Kiongoroni kupitia mikondo ya mikoko ya delta ya Rufiji, na mvushaji analipwa noti zilizolowa. Mwombe risiti, atakuuliza kama umekuja kuvuka au kuandikiwa. Petroli ya chupa kijijini, pancha iliyozibwa chini ya mwembe, kijana anayebeba gunia maji yakiwa yamekupwa na tope limemfika magotini: hizo ni gharama za kweli, tena ndizo zinazouma, na risiti kwa adabu yake inajifanya haizijui. Ndiyo maana kwenye mahesabu faida ya msafirishaji wa delta inanona, huku mfuko wake umekonda.

Risiti safi kuliko zote, yenye kontrol namba na herufi zinazosomeka, ni ya faini ya barabarani. Iwekee fremu ukipenda, maana kazi nyingine haina: Sheria hiyohiyo ya Kodi ya Mapato imekataa faini zitolewe kwenye hesabu kama gharama. Imekataa na rushwa, ambayo angalau haijawahi kujisumbua kutoa risiti.

Na kufifia kwake je? Hapo ndipo penye hekima. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Karatasi hii huandikwa kwa joto, na kwa joto hufutika. Iweke chini ya kiti cha guta, au mfuko wa shati penye jasho: tarehe inaaga kwanza, kisha kiasi, mwisho linabaki jina la kituo. Mkaguzi akija anakuta mkoba umejaa karatasi nyeupe pe. Anachoweza kuthibitisha ni kwamba mwenye mkoba ni mtunzaji mzuri. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, hayakuwa na habari ya miaka 5.

Basi, dereva, ukijaza mafuta dai risiti, hakiki kwamba kiasi ndicho ulicholipa, piga picha palepale kabla haijabadili nia. Na wewe unayekagua mahesabu ofisini, karibu Nyamisati maji yakikupwa. Panda mtumbwi, lipa nauli, kisha udai risiti.