Mpangaji wa Upenuni

Sikukuu zikikaribia, iwe Idi au Krismasi, homa moja huzipitia nyumba za mjini. Ndani deki imeshapigwa, mapazia yamefuliwa, makochi yamekung'utwa vumbi, na sasa macho yanahamia nje. Mwenye nyumba anasimama uani, mikono kiunoni, anatazama pale ukuta unapokutana na mabati. Hukumu haichelewi: "Mabuibui yote haya yametoka wapi?" Fagio linafungwa kwenye ufito mrefu, kijana anajitanda kanga kichwani asimwagikiwe na vumbi, na kazi ya miezi inateremshwa kabla chai haijapoa.

Mimi namsemea anayefagiliwa. Hajanituma, hana muda wa kutuma mtu. Ila naona haya mtaa mzima kumwandama mkazi mmoja ambaye hajawahi kugonga mlango kuomba chumvi, hafungulii redio usiku wa manane, na kodi yake anailipa kwa mbu na nzi, kila siku, bila kukumbushwa. Ningekuwa na wapangaji wawili wa namna hiyo ningeshajenga ghorofa.

Tuanze na nasaba, maana mtu hasifiwi bila kutajiwa wa kwao. Ukoo wake una aina zaidi ya 50,000 zilizokwisha kupewa majina na wanasayansi. Sura ya 29 ya Qur'ani inaitwa kwa jina lake. Watoto wa pwani husimuliwa chuoni jinsi alivyotanda kwenye mlango wa pango la Thaur, Mtume na Abubakar wakiwa ndani, na waliokuwa wakiwasaka wakaona utando haujakatika wakageuza njia. Wanazuoni wanabishana kuhusu nguvu ya mapokezi hayo. Najua pia upande wa mashtaka utanikumbusha kwamba sura hiyohiyo inaitaja nyumba ya buibui kuwa dhaifu kupita zote. Sibishi. Lakini yeye hakumkopa mtu saruji, na hajawahi kumsubiri fundi aliyesema anakuja kesho.

Kwa upande wa mavazi ya fahari, mwaka 2012 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilionyesha joho la hariri ya rangi ya dhahabu ambalo halikutiwa rangi hata tone. Hariri yote ilitolewa kwa buibui wa Madagaska, zaidi ya milioni moja na laki mbili, waliokamatwa, wakavutwa uzi, kisha wakaachiwa waende zao. Buibui wa jamii hiyo tunao hata huku bara, ndio wale wakubwa wanaotanda kwenye nyaya za umeme, utando wao ukipigwa na jua la jioni unang'aa manjano. London watu walikwenda kuutazama uzi wake kwenye kabati la kioo. Kwetu unazungushwa kwenye ncha ya fagio na kutupwa jalalani.

Elimu nayo imo kwenye ukoo. Kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na Uganda, anaishi buibui mrukaji aliyepewa jina rasmi mwaka 2003: Evarcha culicivora. Ni mdogo, kama nusu sentimita hivi, na hatandi utando wa kunasia. Anavizia ukutani au kwenye shina la mti, kisha anaruka. Chakula anachokitukuza kuliko vyote ni damu yetu, ila hana sindano ya kututobolea ngozi. Basi anaipata kwa mkato: anamkamata mbu jike aliyekwisha kushiba. Akiwekewa mbu mwenye damu na mbu mtupu anachagua mwenye damu, na katika mbu wote anampendelea Anofelesi, yuleyule anayetuletea malaria. Huko Mbita, Kenya, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo ufukweni mwa ziwa, watafiti walikwenda mbele zaidi wakampa soksi anuse. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: soksi iliyovaliwa inamvuta kuliko soksi safi. Kwa hiyo yule anayevua soksi zake jioni na kuziacha barazani, nyumbani anaitwa mchafu, lakini kwa buibui wa Mbita ameandika mwaliko.

Mimi nakaa Dar es Salaam, na buibui wa upenuni kwangu si huyo. Lakini ukoo ukishapata mbunge mmoja, wote hujiita wa kwa mheshimiwa. Sioni kwa nini buibui wanyimwe haki hiyo.

Sasa tuje kwenye shtaka lenyewe. Swali la "wametoka wapi" lina jibu, na jibu limening'inia juu ya mlango: ni taa. Ile taa nyeupe kali ya ulinzi, inayowashwa magharibi na kuzimwa asubuhi mtu akikumbuka. Nondo, kumbikumbi baada ya mvua, vijidudu vya kijani ambavyo hakuna anayejua majina yao, wote wanajaa pale. Zamani ilidhaniwa wanaipenda taa, au wanaidhania mwezi. Watafiti, wakiwamo wa Imperial College London, waliwapiga picha kwa kamera za kasi kubwa, na mwaka 2024 wakachapisha walichokiona: mdudu arukaye usiku huelekeza mgongo wake kwenye mwanga. Siku zote mwanga wa usiku umetoka juu, mbinguni, na kwa kuupa mgongo mdudu anajua anaruka sawasawa. Akikutana na balbu ubavuni mwake, anaigeuzia mgongo, anapinda, anaizunguka, anaizunguka tena, hatoki. Hajapendezwa na chochote, amepoteza tu juu na chini. Buibui hakuhitaji kamera. Yeye anafunga nyuzi zake shubiri moja kutoka kwenye balbu na kuwangojea waliopotea njia.

Wahaya wa Bukoba wanaijua biashara hii vizuri. Msimu wa senene ukifika, wategaji husimamisha mabati, huwasha mataa makali, senene hujigonga kwenye bati na kuteleza hadi kwenye mapipa. Asubuhi sokoni ni foleni, na bei haina mzaha. Hakuna anayempitishia fagio mtega senene. Mwenye mabati anaitwa mjasiriamali, mwenye utando anaitwa uchafu, na tofauti yao kubwa ni kwamba wa pili halipii umeme.

Tazama basi haki inavyokwenda. Mwenye nyumba amewasha taa, amewakusanya wadudu wa kata nzima mlangoni kwake, na anayefukuzwa ni yule mmoja aliyekuja kuwala. Taa inabaki.

Kuna jambo la pili wanalomwonea. Kwenye nyumba nyingi kuna pengo kati ya ukuta na paa, na tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba hilo ndilo lango kuu la mbu wa malaria. Taasisi ya Afya ya Ifakara imefanya kazi kubwa kutafuta namna ya kulifunga au kulitilia dawa. Buibui alishapanga hapohapo kabla ya sisi sote. Sisemi anamaliza mbu, hamalizi, anakamata wanaojigonga. Chandarua kibaki kitandani. Nasema tu kwamba mlinzi anayekesha langoni bila bunduki na bila posho angeachwa angalau amalize zamu.

"Lakini anatia ukuta madoa." Anayesema hivi apande ngazi akaangalie kwa karibu. Utando mpya hauonekani mpaka uupige na mwanga wa pembeni. Ule unaoning'inia kama matambara meusi ni mtupu, mwenyewe alishahama, na kilichoshikwa humo ni vumbi la barabara na masizi ya jiko la mkaa lililoko barazani. Yeye aliweka uzi, rangi ni yetu. Wapo hata wanaotanda duara, na wengi wao huula utando wao uliochakaa na kufuma mwingine upya. Nazijua kuta ambazo mara ya mwisho kupakwa chokaa ni siku ya harusi, na wanaharusi sasa wana wajukuu.

Na ukiwa huko juu ya ngazi, mtafute yule mwenye miguu mirefu myembamba, kiwiliwili kidogo kama punje ya mchele. Mguse kwa unyasi. Hakimbii, anajitikisa yeye na utando wake wote, kwa kasi, mpaka unabaki unaona ukungu tu na hujui alipo. Kama ni jike, huenda ukamkuta amebeba mdomoni kidonge cha mayai kilichoshikizwa kwa nyuzi mbili tatu. Anayabeba hivyo hadi yaanguliwe. Mtu akishaliona hilo, fagio huwa zito kidogo, ingawa najua wengi hawatapanda ngazi.

Haki itendeke, ukoo mkubwa haukosi mkorofi. Yupo wa kahawia, tumboni kwa chini ana alama ya rangi ya machungwa, hujificha chini ya viti vya plastiki, kwenye midomo ya vyungu vya maua na nyuma ya geti. Mayai yake yamo kwenye vidonge vya rangi ya maziwa vyenye vichomeo pande zote. Akikuuma utaumia, mara nyingi haizidi hapo, lakini huyo simtetei. Viti vigeuzwe na kupigwa brashi, watoto wasiingize mikono wasikoona.

Mwenye kusisitiza kusafisha, nami simzuii, ila aifanye kama mtu mzima. Aanze pakavu, maji baadaye. Akianza na mpira wa maji, utando unalowa, unagandama ukutani, na masizi yanachora michirizi ambayo hata rangi mpya huilalamikia. Aanzie upenuni, ashuke kwenye fremu na nyavu za madirisha, afungue na kifuniko cha taa amwage wafu waliomo. Kuni na matofali yaliyoegemezwa ukutani yasogezwe mbali, matawi yanayogusa bati yakatwe, nyufa zizibwe. Kisha balbu nyeupe itolewe, iwekwe ya manjano hafifu ambayo wadudu hawaifuati sana, au izimwe watu wakilala. Hapo buibui atahama mwenyewe, kwa kukosa chakula, bila fujo. Mwenye nyumba akiishia kwenye fagio tu, wiki haiishi nyuzi zimerudi, na buibui wala hana kinyongo.

Na asiyetaka kushika fagio, yupo mtumishi mwingine wa kumwita: nyigu yule mwenye kiuno chembamba, anayefinyanga vijumba vya udongo kwenye kona za kuta. Kazi yake ni kuwinda buibui. Anamchoma mwiba, hamwui, anamlegeza tu, anampakia chumbani pamoja na wenzake mpaka chumba kijae, anataga yai, anaziba mlango kwa udongo. Mtoto akianguliwa anakula nyama mbichi. Ukikibandua kijumba kwa kisu wanakumwagikia kiganjani, laini, wazima, hawajiwezi. Huyo atakusafishia upenu bila kudai senti. Udongo analeta mwenyewe, na anaubandika anapopenda yeye, kwa kawaida juu ya rangi ya juzi.