Washa Tusikie

Bei ya gari la mtumba Ngaramtoni haipangwi na ubora wa gari. Inapangwa na idadi ya watu wanaoweza kulifungulia boneti bila kutetemeka. Chukua Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda pembeni mwa kioo. Umbo lake ni la mwaka 1984, na injini inayoheshimiwa kuliko zote zilizowahi kukaa ndani yake, 1HZ ya dizeli, lita 4.2, silinda 6, haina turbo wala haraka, ilitoka mwaka 1990. Kwenye mlima, lori la viazi laweza kuipita na utingo akaipungia mkono. Lakini hakuna fundi kati ya Kwa Mrefu na Namanga asiyeijua, na chalii aliyeishia darasa la saba atakwambia kwa kusikiliza tu kwamba nozeli ya tatu imechoka. Ndiyo maana mwenye mkonga, akiamua kuuza baada ya miaka 15 ya kuutesa, hutaja bei inayomfanya mnunuzi aulize kama na kiwanja kimo. Weka kando yake Harrier ya haibridi, yaani yenye injini pamoja na mota ya umeme, safi, viti vya ngozi, haijawahi kubeba hata mbuzi, na bei yake inadondoka kila ikitazamwa. Tofauti ya magari hayo mawili ni hofu, na hofu ni kitu kinachoweza kufanyiwa hesabu.

Mnunuzi wa hapa hupima gari kwa sikio. Anakuja na fundi wake, aliyeahidiwa chai na nauli, na fundi anatoa amri moja: "Washa tusikie." Injini ikishanguruma anafungua kifuniko cha oili aone kama inapumua moshi, anaweka kiganja kwenye ekzosi, anakunja uso, anatikisa kichwa ili bei ishuke, kisha anakubali. Siudharau utaratibu huu. Umeokoa fedha za watu wengi kuliko mashine za kupimia. Tatizo ni kwamba kwa haibridi hauna pa kushika. Muuzaji anabonyeza kitufe, kwenye dashibodi kinatokea kitaa cha kijani kinachosema gari liko tayari, halafu kimya. "Washa basi, mkuu." "Imeshawaka." "Mbona sisikii?" "Ndivyo ilivyo." Muuzaji, kwa kutaka kuthibitisha, anaachia breki na gari linaondoka bila mlio wowote, linamkosakosa punda aliyebeba madumu ya maji, na mama mwenye punda anageuka kuuliza limetokea wapi. Mita hamsini mbele injini inajiwasha bila kuombwa, na hapo ndipo biashara inapokufa. Gari linalojizima na kujiwasha lenyewe, kwa mila za kwetu, si la kununua, ni la kuombewa. Dalali aliyekomaa analijua hilo. Atasifu kwanza namba, atasifu rangi ya kiwandani, ataapa kwamba mmiliki ni mmoja na tena ni mwanamama mstaarabu, na neno haibridi atalidondosha mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba nyumba anayouza ina kaburi uani.

Anayetaka ushahidi zaidi kwamba soko letu linaabudu uzee na linaogopa upya, atazame kodi. TRA imejitahidi kutuachisha magari makuukuu: gari dogo la abiria lililozidi miaka 10 tangu litengenezwe huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Kenya walifunga mjadala kwa kukataa kabisa gari la zaidi ya miaka 8, na Uganda mwaka 2018 wakaweka ukomo wa miaka 15. Kwetu matokeo yakawa kinyume cha nia. Kuukuu la kuagizwa lilipokuwa ghali, kuukuu lililokwisha kuingia nchini likajiona lulu. Oktoba 2024 Arusha ikafanya tamasha la Land Rover, zikaja mamia kwa mamia, na zilizoshangiliwa zaidi si zile mpya zenye skrini, ni One Ten na bibi zake, ilhali Defender ya aina hiyo iliacha kuundwa Januari 2016. Watu wanaolifanyia tamasha gari linalodondosha oili huwezi kuwaendea ghafla ukawaambia thamani siku hizi imo kwenye kompyuta.

Kwa hiyo nakubali mapema: haibridi inashuka bei, na kwa mwenye kuuza baada ya miaka mitatu ni hasara. Ninachokataa ni kule kuruka kutoka hapo na kusema basi ni gari baya. Bei ya kuuzia ni hoja ya mtu anayeuza, na sisi wa upande huu wa Mlima Meru hatuuzi magari. Pita nyuma ya nyumba za watu kuanzia Olmotonyi hadi Selian uone. Kwenye migomba pana gari limekalia mawe manne, kioo cha nyuma ni nailoni, kuku ametagia kiti cha dereva, na mzee mwenye gari, ukimuuliza bei, anakujibu kwa hasira kwamba haliuzwi, linasubiri gia boksi tu. Limesubiri tangu wajukuu hawajazaliwa. Mzee huyohuyo, siku alipolinunua, alikataa gari alilolipenda na kuchukua asilolipenda kwa sababu moja: "litauzika." Tunanunua magari kwa ajili ya mtu wa pili ambaye hatuna mpango wa kukutana naye. Anayekaa na gari mpaka kuku wanalirithi hakuwa na haja ya kujua litauzwa shilingi ngapi. Alikuwa na haja ya kujua litamla shilingi ngapi.

Na hesabu ya kuliwa iko wazi. Kutoka Ngaramtoni hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 12, kwenda na kurudi 24. Kwa siku 300 za mwaka unapata kilomita 7,200. RAV4 ya haibridi inakula karibu lita 6 kwa kilomita 100. Mkonga, ukiwa na adabu, lita 12. Tofauti ni lita 432 kwa mwaka, lita 4,320 kwa miaka 10, na tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, ni shilingi milioni 12.96 ambazo mwenye mkonga amezipitisha kwenye ekzosi huku akijipongeza kwa kununua kitu kinachouzika. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo, yeye ndiye anayeongeza sauti ya redio. Tena mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, kwa hiyo anayekunywa lita nyingi anachangia barabara kuliko jirani yake, ingawa wote wanaruka mashimo yaleyale. Foleni ya Sakina, inayomtoa jasho mwenye dizeli, ndiko haibridi inakofaidi: injini imezimwa, gari linatambaa kwa betri. Ukiteremka kutoka vijiji vya juu, mota inageuka kuwa jenereta, inashika mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, na pedi za breki zinakaa muda mrefu ajabu. Swali la jirani, "Unalichaji wapi, na TANESCO wakikata?", jibu lake ni kwamba unalichaji kwa kuteremka mlima, huduma ambayo mpaka sasa haijawekewa luku.

Lakini betri, utaniambia. Betri ikifa, milioni hizo zote zinafukiwa nayo kaburi moja. Hoja hii ni nzito na haifai kujibiwa kwa dharau. Betri ya Harrier ya haibridi ya mwaka 2005 ina moduli 30 zilizounganishwa kwa mfuatano mpaka kufika volti 288. Zikiunganishwa hivyo, moduli moja iliyochoka huwatia wenzake aibu, taa zote za dashibodi zinawaka, na fundi wa kwanza anatangaza msiba. Fundi wa pili, anayejua, anazipima mojamoja, anang'oa zilizokufa na kuweka nyingine, na gari linaondoka. Ni kiraka, sitadanganya. Zilizobaki nazo ni za umri uleule na zitafuata. Lakini mkonga nao unaishi kwa viraka, pampu leo, springi kesho, kichwa cha injini mwaka ujao, ila kwa kuwa unauma kwa awamu hatusemi kwamba umekufa. Jambo jingine ni kwamba betri nyingi hapa hazifi kwa uzee, tunaziua. Chini ya kiti cha nyuma kuna matundu madogo yenye kichujio, na ndani yake feni inayovuta hewa ya kwenye gari ili kuipoza betri. Mhandisi wa Kijapani alipoyaweka pale aliwaza abiria wawili wenye soksi safi. Hakuwaza siku ya soko Ngaramtoni. Mbele ya matundu hayo hukaa gunia la viazi, juu yake mkungu wa ndizi, pembeni kuku wawili waliofungwa miguu, na kilichobaki wazi kinazibwa na vumbi letu la volkano, laini kuliko poda. Feni inavuta manyoya na vumbi mwaka mzima, betri inapikwa taratibu, na ikiisha mwenyewe anahitimisha kwamba haibridi haziwezi hali ya hewa ya Tanzania. Kukitoa kichujio, kukipuliza na kukirudisha ni kazi fupi kuliko kupanga foleni ya kuoshea gari.

Uchache wa mafundi nao ni kweli. Nyaya za rangi ya chungwa za haibridi zina umeme wa kuua, na hazipaswi kuguswa na mtu aliyevaa ndala. Kabla ya kuzisogelea lazima plagi ya usalama ichomolewe na watu wasubiri kama dakika 10 umeme uliobaki utulie. Kumsubirisha fundi wa mtaani dakika 10 bila kugusa kitu, huku spana iko mkononi na wateja wanatazama, ni mtihani kuliko umeme wenyewe. Hata hivyo tumeshaona hofu ya namna hii ikizaliwa na kufa. Zilipoingia injini za VVT-i watu waliapa kwamba ni ugonjwa. Leo IST, zenye injini hizohizo, zimejaa kila kona na hakuna anayeulizia VVT-i ni nini. Hofu hupungua kadiri mafundi wanavyoongezeka, na vijana wanaosoma magari Arusha Technical na VETA hawazioni nyaya hizo kuwa mzimu. Mpaka siku hiyo ifike, punguzo la bei linalotokana na hofu analiokota mnunuzi wa pili, ilimradi awe na fundi mmoja anayejua na asiwe na haraka ya kuuza.

Lipo tatizo moja ambalo sina la kulitetea. Ile betri kubwa ina mtumishi wake, betri ndogo ya volti 12, na ikilala, volti 288 zote zinakaa kimya zikiisubiri. Kwa desturi yetu gari lisilowaka linasukumwa. Vijana watatu wanaacha bodaboda zao, mzee mmoja anatoa maelekezo bila kugusa, na gari linakwenda. Haibridi unaweza kuisukuma kutoka Ngaramtoni hadi Kwa Iddi isiwake, na kila msukumaji atadai soda. Wenye haibridi wajifunze kubeba nyaya za kuazimia umeme na waache kuwatesa watoto wa watu.

Hoja ya mwisho ya wenye mkonga ndiyo yenye nguvu: hizo haibridi si magari ya porini. Ni kweli. Kwenye Harrier na RAV4 magurudumu ya nyuma yanasukumwa na mota yao peke yao, hakuna shafti inayotoka mbele, na mota hiyo ni ya kukusaidia usiteleze, si ya kukutoa kwenye tope la masika njia ya juu ukiwa umebeba mbolea. Anayelala porini na watalii aendelee na dizeli yake, simwambii kitu. Ila Wajapani wenyewe wameshalisikia lalamiko hili. Oktoba 2024 Lexus ilitangaza LX 700h, ndugu wa damu wa Land Cruiser 300. Mota yake imewekwa kati ya injini na gia boksi, betri imefungiwa ndani ya trei isiyoingiza maji, na gari linaruhusiwa kuvuka maji ya kina cha sentimita 70. Tena wameacha starta na altaneta za kawaida palepale, ili mfumo wa umeme ukigoma, injini iwake na gari lirudi nyumbani kwa dizaini ya zamani. Likifika huku kama mtumba, baada ya miaka kumi hivi, najua dalali atakavyolinadi: umeme wote tumeshauchomoa, mkuu, sasa hivi ni gari la kawaida kabisa. Na kwa kazi hiyo atakuwa ameongeza milioni tano juu ya bei.